Foronya Kwenye Barafu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa maabara karibu na lango la nyuma, pale wanapotolea taka. Mwenye birika ni mimi. Nauza kahawa, na nasema mapema tusije tukagombana: anayeshikilia kikombe kimoja tangu mchana mpaka jua linazama simwiti mteja, namwita mpangaji. Wapangaji wangu wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni Kesho, fundi redio. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, tunakiona kutoka hapa, na jina hilo kalipata kwa jibu analompa kila anayefuata chombo chake. Wa pili ni Wakili, ambaye sheria hakuisomea hata siku moja. Alikuwa karani mahakamani, akafukuzwa kwa kubishana na hakimu, na tangu hapo anabishana na sisi. Halafu yuko Barafu. Huyo hana maneno mengi. Kazi yake ni humo ndani, kusafisha vizimba vya panya na kubeba boksi la barafu kutoka chumba hiki kwenda kile. Siku hiyo alitoka kabla ya wenzake, boksi mkononi, akaketi ukingoni mwa benchi kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

— Mali ya watu hiyo, nikamwambia. Watasema umeiba.

— Narudi nalo sasa hivi, akasema. Kesho, redio yangu je?

— Kesho, akajibu Kesho bila kugeuka.

Tukacheka. Huo ni mzaha wa zamani. Barafu haanzi na habari za mchana kama binadamu wengine, anaanza na redio yake, anajibiwa, tunacheka, halafu ndiyo anakunywa. Sidhani kama siku hizi huwa anaiulizia kweli. Lakini leo kikombe nilichompa alikishika tu.

— Shemeji anakuja kesho, akasema.

— Mimi? akauliza Kesho.

— Kesho siku, si kesho wewe! Kaka wa mke wangu. Anakuja kumchukua dada yake.

Hapo hatukucheka. Habari za nyumba ile tunazijua. Barafu na mkewe walikuwa na binti mmoja, kitoto cha kuropoka, kikija hapa na mama yake lazima kinyooshe kidole kwenye birika langu kiseme "moto!" kama vile mimi mwenyewe sijui. Mvua zilipoanza homa ikamchukua, hata kabla mama yake hajamaliza kumfulia nguo za hospitali. Tulikwenda kuzika wote. Kesho alifunga kibanda, Wakili hakubishana na mtu. Tangu siku ile mama wa mtoto hasemi. Si bubu, wala akili hazijamruka. Anapika, anafua, anafagia, ukimuuliza neno anakujibu ndiyo au hapana, basi, anarudi kwenye kimya chake. Mvua zile ziliisha, zikaja nyingine, naye yuko vile vile.

— Amchukue kwa misingi ipi? akauliza Wakili. Talaka?

— Hakuna talaka. Wanasema kwangu hapati nafuu. Wanasema labda tatizo ni mimi.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

— Anasema ndiyo. Kaka yake akimwambia twende, ndiyo. Mimi nikimwambia baki, ndiyo.

Wakili akazihesabu ndiyo hizo mbili kwa vidole.

— Ninachotaka ni kimoja, akaendelea Barafu. Nijue kama ni ugonjwa au ni mimi. Ikiwa ni ugonjwa, nitamwambia shemeji, niachie mgonjwa wangu nimuuguze mwenyewe. Ikiwa ni mimi, basi. Siwezi kumkatalia.

— Utajuaje sasa? nikamuuliza.

Akaelekeza kidevu ukutani.

— Humu ndani kuna mashine.

Ndipo akatueleza, na nadhani hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu nimjue. Ndani walikuwa na panya mama, wote wamezaa. Wengine wakaachiwa watoto wao, wengine wakanyang'anywa. Aliyekuwa akiwatoa watoto kizimbani ni yeye Barafu, kwa mikono yake na glavu zake. Baadaye mama wote wakauawa ili bongo zao zipimwe. Ubongo ukitoka unawekwa upesi kwenye barafu, maana kile kinachotafutwa humo kikipata joto kinaharibika. Unasagwa na tindikali, unazungushwa mpaka mashapo yakae chini, yale maji ya juu yanachujwa, kisha pampu inayasukuma kwenye mrija mwembamba wa chuma.

— Kila kitu kinatoka mrijani kwa wakati wake, akasema. Hiki kinatangulia, kile kinafuata. Kila kikitoka, mashine inachora kilele kwenye kioo, kama mlima. Kitu kikiwa kingi, mlima mrefu. Kikiwa kidogo, mfupi.

— Kitu gani hicho? akauliza Wakili.

— Viko vingi. Dopamini. Serotonini.

— Sero ya nini? Nani kafungwa?

— Se-ro-to-ni-ni! Kwenye vipindi vya afya wanaiita kemikali ya furaha.

— Na wale walionyang'anywa watoto? nikauliza mimi.

— Milima yao mifupi. Mifupi hivi. Akatuonyesha kwa ukucha. Akaendelea: Nilisimama nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akiishika mashine, nikaona kwa macho yangu. Nikasema, kumbe inaonekana.

Kesho alishakaa mkao wa mtaalamu, mguu juu ya mguu.

— Haya mambo si mageni kwangu, akasema. Ubongo ni redio. Redio ikinyamaza, mjinga anasema kituo kimefungwa. Kituo kipo! Waya ndio umelegea. Mlete mkeo kibandani, nimguse na kipima umeme, huku sikio la chanya, huku sikio la hasi, nakwambia leo hii hii tatizo liko wapi.

— Leo? nikamwambia. Wewe? Leo?

— Kwa hili, leo.

— Umguse mke wa mtu masikio, akasema Wakili, halafu kaka yake akukute! Na umeme unautoa wapi, wakati mwenzako kasema majimaji? Sheria ya ushahidi inataka majimaji yaliyotoka kichwani mwa mhusika. Machozi yanatoka wapi? Kichwani. Kinga chupa, jaza, sukuma mrijani. Wembamba wa reli, gari moshi hupita!

— Halii, akasema Barafu.

— Halii kabisa?

— Hajalia. Hata siku ile.

Wakili akanywa funda moja dogo. Lakini mtu wa ubishi hazimiki hivi hivi.

— Basi damu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, yaani kwenye vipimo, damu ndiyo yenye uzito.

— Methali hiyo ni ya ndugu, nikamwambia.

— Na anayekuja kesho si ndugu?

— Damu nilishauliza, akasema Barafu. Yule mzee wa mashine, kabla hajastaafu, aliniambia ya kwenye damu si ya kwenye ubongo. Kuna ukuta katikati.

— Ukuta! Kesho akajipiga paja. Ukuta wa nini, wa matofali?

— Hata uwe wa zege, akadakia Wakili, na sasa alishasimama, kikombe changu kinapepea mkononi mwake. Ukuta gani usiovuja? Mtu analaza wapi kichwa chake? Kwenye mto! Usiku kucha, mwaka mzima, huzuni inashuka, tone kwa tone, haba na haba. Iko wapi huzuni hiyo sasa? Kwenye foronya! Vua foronya, tia tindikali, saga, kamua, sukuma kwenye mrija. Wahenga walisema nini? Kikulacho ki nguoni mwako!

Kesho alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Mimi nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Foronya ikamuliwe, eti ichore milima! Wakili mwenyewe akaketi anajifuta machozi, kajipendezea.

Barafu hakucheka. Alifungua boksi lake. Ndani, juu ya barafu, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kulikuwa na foronya ya maua madogo, imekunjwa mara nne.

— Niliivua leo asubuhi alipoinuka, akasema. Nikaja nayo kazini mbio, nikaiweka kwenye barafu upesi, isiharibike.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Kesho akawa anatazama viatu vyake. Wakili alitamani kusema neno, nikamkata jicho, akaacha. Nilijisikia vibaya jamani, nilijisikia vibaya mpaka nikaanza kupangusa vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Sisi wote pale tulikuwa tunatafuta la kuchekesha, na mwenzetu alishalifanya kwa moyo wake wote, peke yake, alfajiri, kitandani mwake.

Hapo ndipo lango likafunguka, akatoka dada mmoja wa koti jeupe. Nilikuwa namwona akiingia asubuhi. Ndiye aliyeletwa kuishika mashine baada ya yule mzee kustaafu. Kwenye benchi letu hakuwahi kukaa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Wakili haraka, akasogea kama aliyeokolewa.

— Asanteni. Kaka Barafu, nakutafuta wewe na boksi. Lakini hakuna haraka, mashine naiosha mrija, acha nami ninywe kahawa.

Nikammiminia. Kabla hajakifikisha mdomoni, Barafu alikwishasimama mbele yake, ule mfuko mikononi.

— Dada, samahani. Naomba uniwekee hii kwenye mashine.

Akaupokea kama anavyopokea mifuko yote ya Barafu. Kisha akaona ni nini.

— Ya nani?

Barafu akamwambia. Mtoto, homa, mke, kimya, shemeji wa kesho, milima mifupi, yote kwa pumzi moja. Yule dada hakucheka wala hakutabasamu. Aliweka kikombe chini, akakaa, ule mfuko wa baridi ameupakata.

— Kaka, akasema, nikikwambia nijaribu nitakuwa nakudanganya. Nikiweka hii, itanichorea sabuni na jasho. Ninachopima mimi kiko ndani ya ubongo wenyewe, na ili nikipate lazima panya afe. Wewe unajua. Wewe ndiye unayeniletea.

— Najua.

— Kwa mtu aliye hai hatupimi hivyo.

— Najua, dada. Lakini tuseme ingewezekana. Tuseme umeuona mlima wake, na ni mfupi. Ungeniandikia kwamba huyu ni mgonjwa?

— Nisingeweza.

— Kwa nini?

— Wale panya walionyang'anywa watoto, ulijuaje milima yao ni mifupi?

Barafu akafikiri.

— Pembeni kulikuwa na ya wale walioachiwa.

— Basi ndiyo hivyo. Mlima mmoja peke yake si mrefu wala si mfupi. Lazima niwe na wa kulinganisha nao. Akaikunjua kona ya ule mfuko. Kisha akauliza, taratibu tu, kama mtu anavyouliza jina: Mkeo alikuwaje kabla?

— Alikuwa mzima, akasema Barafu.

— Mzima vipi?

Barafu akatutazama sisi.

— Alikuwa anasalimia, akasaidia Kesho. Akipita pale kwangu, anasalimia.

— Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, akasema Wakili. Au yule ni jirani yao?

Mimi nilikuwa napangusa kikombe kile kile. Mwanamke yule amepita mbele ya birika langu miaka yote, akimletea mumewe chakula langoni, binti yake mkononi. Chombo chake cha chakula ningekitambua hata sokoni. Nikatafuta kingine cha kusema juu yake, sikukipata.

— Alikuwa akicheka? akauliza yule dada.

— Anacheka. Anacheka kama watu wanavyocheka.

— Na nini kilikuwa kinamchekesha?

Barafu alijifuta uso kwa kiganja. Mtu kalala na mkewe kitanda kimoja, kazaa naye, kazika naye, na sasa anatafuta la kusema kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kidogo, na hasira ile ilikuwa inatuhusu wote.

— Asubuhi, akaanza polepole. Asubuhi kabla sijaamka vizuri, jikoni kulikuwa na wimbo. Kila siku huo huo. Unaanza, unakatika katikati, unaanza tena. Nilikuwa nikisema kutoka kitandani, punguzeni sauti, nimechelewa kulala. Na inapungua.

— Enhe, akasema yule dada.

— Lakini hiyo ilikuwa redio. Siku hizi hata redio hafungui.

Kesho alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha. Akageuza kichwa akatazama kibandani kwake, na sisi tukatazama huko. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya pasi na feni za watu, ilikuwepo redio ya kahawia, vumbi limeikalia mpaka vitufe havionekani.

— Redio gani? akauliza Kesho. Sauti yake sikuizoea.

— Redio yangu. Ile ya kahawia.

— Barafu, ndugu yangu. Redio yako iko kwangu. Uliileta wakati mkeo ana mimba. Haijawahi kutoka pale. Si unaniulizia kila siku?

— Nilikuwa nauliza tu, akasema Barafu. Kama salamu.

— Mna nyingine nyumbani? akauliza yule dada.

— Hatuna.

— Ya jirani labda?

— Jirani upande wa jikoni hatuna. Ni ghala.

— Na wimbo huo, mara ya mwisho uliusikia lini?

Barafu aliketi benchini, mikono juu ya magoti. Nilichukua birika nimwongeze kila mtu, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Likatoa tone na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na sikumwambia mtu.

Baadaye Barafu alifunua midomo. Tukadhani anataka kusema, kumbe anautafuta ule wimbo. Ikatoka sauti moja ya juu, ikafuatwa na ya chini, ikapotea. Akajaribu tena, ikapotea pale pale.

— Ulikuwa wimbo gani? akatuuliza. Anatuuliza sisi! Wakili, ambaye ana jibu la kila kitu chini ya jua, aliinamisha kichwa akalia, bila kujificha.

Barafu alisimama. Akaichukua foronya mikononi mwa yule dada, akaitoa kwenye mfuko, akaitia ndani ya shati, kifuani, na ubaridi wake wote. Boksi akamsogezea kwa mguu. Akavuka barabara kuelekea kwao, hatazami magari.

— Ngoja! Kesho akamkimbilia mpaka ukingoni mwa barabara. Ngoja, Barafu, naitengeneza leo! Naapa, sasa hivi naifungua, jioni unaondoka nayo!

Barafu akageuka katikati ya barabara, mkono mmoja umeshika kifua.

— Usiitengeneze, akasema. Nisije nikakosea tena, nikadhani ni redio inayoimba.